Mzigo Usiopimwa kwa Mizani: Jinsi Japani Inavyopima Hisia za Wanaouguza Wazee Wao

Katika kliniki nyingi, faili la mgonjwa lina mstari mmoja tu unaomhusu mtu anayemtunza mgonjwa huyo nyumbani. Hapo huandikwa jina la ndugu wa karibu, uhusiano wake na mgonjwa, na namba yake ya simu. Mstari huo haumwulizi ndugu huyo kama analala usiku, wala ni nani anayempokea pale anapochoka. Kwa miaka mingi nami, nikiwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani ninayehudumia wazee, niliujaza mstari huo na kugeukia mambo niliyoyaona kuwa ndiyo kazi yangu: shinikizo la damu, sukari, dawa.

Palikuwa na binti mmoja aliyemleta mama yake kliniki kila mwezi baada ya mama huyo kupatwa na kiharusi. Nimebadili mambo kadhaa ya habari hii ili asitambulike. Hakukosa hata mwezi mmoja. Mama alikuwa msafi, hakuwa na kidonda hata kimoja cha mgongoni, na dawa zake zilihesabika sawasawa. Tulimsifu. Kisha siku moja aliletwa yeye, shinikizo lake la damu likiwa 210/120, mdomo umepinda upande mmoja. Tulipouliza, ndugu zake walieleza kwamba alikuwa na tatizo la shinikizo tangu zamani, lakini alikuwa ameacha dawa zake kwa miezi minne. Fedha na muda vyote vilikwenda kwa mama. Nilifungua faili la mama na kulisoma upya. Jina la binti lilikuwemo tangu ukurasa wa kwanza. Juu ya hali yake mwenyewe hapakuwa na neno hata moja, na mwandiko uliojaza kurasa nyingi za faili hilo ulikuwa wangu.

Tukio hilo ndilo lililonirudisha kwenye kazi za watafiti wa Japani, nchi ambayo kwa zaidi ya miongo miwili imejitahidi kuuliza swali ambalo mimi sikuliuliza: mtu anayemuuguza mzee wake anajisikiaje, na je, hisia hizo zaweza kupimwa?

Nchi iliyozeeka haraka

Mwaka 1970 watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 7 ya Wajapani wote. Kufikia mwaka 1994 walikuwa asilimia 14. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 kupita njia hiyohiyo. Japani ilichukua miaka 24. Leo takriban asilimia 29 ya watu wa nchi hiyo wamevuka umri wa miaka 65.

Mabadiliko hayo yaliikuta familia yenye desturi kongwe. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sheria ya Japani iliitambua nyumba ya ukoo, iitwayo *ie*, kuwa ndiyo msingi wa jamii. Kwa kawaida mwana wa kwanza wa kiume alirithi nyumba na kurithi pia wajibu wa kuwatunza wazazi. Hata hivyo, aliyewalisha, aliyewaogesha na aliyewageuza kitandani wakati wa ugonjwa alikuwa mke wake, yaani mkamwana, ambaye kwa Kijapani huitwa *yome*. Mfumo huo wa kisheria ulifutwa mwaka 1947, lakini desturi haikufutwa kwa kalamu. Heshima kwa wazazi, ambayo Wajapani huiita *oyakoko* na ambayo msomaji wa Kiswahili ataielewa upesi akikumbuka uzito wa radhi za wazazi, iliendelea kudai ilichodai zamani.

Mwaka 1972 mwandishi Ariyoshi Sawako alichapisha riwaya iitwayo *Kokotsu no hito*, inayomhusu mwanamke mwenye ajira anayelazimika kumtunza baba mkwe aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau. Ziliuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Kwa wasomaji wengi ilikuwa mara ya kwanza kuona yaliyokuwa yakitendeka nyuma ya milango yao yakisemwa hadharani. Mwaka 1980 familia zenye wagonjwa wa aina hiyo ziliunda chama chao mjini Kyoto, chama ambacho kingali hai hadi leo.

Wakati huohuo nyumba zenyewe zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1980 takriban wazee saba katika kila kumi waliishi pamoja na watoto wao. Leo ni chini ya wanne. Mkamwana si mtunzaji mkuu tena kama alivyokuwa. Nafasi yake imechukuliwa zaidi na mume au mke wa mgonjwa, na mabinti na wana wa kuwazaa. Kati ya watunzaji wakuu wanaoishi na mgonjwa, takriban theluthi moja ni wanaume. Mwaka 2022, katika zaidi ya kaya sita kati ya kila kumi ambamo mtunzaji na mtunzwaji waliishi pamoja, wote wawili walikuwa wamefikisha umri wa miaka 65. Wajapani wana jina la hali hiyo: *roro kaigo*, mzee kumuuguza mzee.

Kutoka kwenye kilio hadi kwenye namba

Kipimo kinachotumika zaidi hakikuzaliwa Japani. Mwaka 1980 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Steven Zarit, pamoja na wenzake wawili, walichapisha utafiti mdogo juu ya watunzaji 29 wa wazee wenye demenshia, yaani ugonjwa wa kusahau unaotokana na kudhoofika kwa ubongo. Waliwapa dodoso lenye vipengele 29 kuhusu afya yao, hali ya moyo, fedha, maisha ya kijamii na uhusiano wao na mgonjwa.

Matokeo yao yaliwashangaza wengi. Ingetarajiwa kwamba mgonjwa anayesahau zaidi au anayesumbua zaidi ndiye atakayemlemea zaidi mtunzaji. Haikuwa hivyo. Kilichohusiana na uzito wa mzigo ni mara ngapi ndugu wengine walifika nyumbani kutembelea. Palipokuwa na wageni wa ukoo, mzigo ulikuwa mwepesi. Palipokuwa na upweke, mzigo ulikuwa mzito. Tafiti za baadaye, zilizochunguza watu wengi zaidi, zimeonyesha kwamba tabia za mgonjwa nazo zina nafasi kubwa. Hata hivyo, somo la kwanza halijafutika: hisia za mtunzaji hazisomwi kutoka kwenye cheti cha ugonjwa wa mtunzwaji. Ni lazima aulizwe yeye mwenyewe.

Baadaye dodoso hilo lilipunguzwa hadi kuwa na maswali 22. Kila swali hujibiwa kwa kuchagua alama kutoka 0, yaani hali hiyo haitokei kamwe, hadi 4, yaani hutokea karibu kila mara. Jumla huanzia 0 na kuishia 88. Maswali hayo hayaulizi kama mgonjwa anaweza kutembea au kula. Yanauliza kama mtunzaji anaona hana muda wake mwenyewe, kama anashikwa na hasira akiwa karibu na mgonjwa, kama anaogopa siku zijazo, kama maisha yake na marafiki yameharibika, na kama anadhani angepaswa kufanya zaidi. Swali la mwisho humwomba apime mzigo wote kwa ujumla.

Mwaka 1997 Arai Yumiko na wenzake walichapisha toleo la Kijapani la dodoso hilo, baada ya kulijaribu kwa watunzaji wa Kijapani na kuridhika kwamba linategemeka. Mwaka 2003 walitoa toleo fupi lenye maswali manane tu, ambalo muuguzi anaweza kulimaliza kwa dakika chache akiwa nyumbani kwa mgonjwa. Maswali matano ya toleo hilo hupima msongo wa nafsi, yaani hasira, aibu na wasiwasi vinavyotokana na kuwa karibu na mgonjwa. Maswali matatu hupima msongo wa majukumu, yaani jinsi kazi ya kuuguza ilivyomnyang'anya mtu nafasi yake katika jamii.

Mgawanyo huo una manufaa makubwa kwa mhudumu wa afya. Tuchukue mfano wa watunzaji wawili ambao kila mmoja amepata alama 16 kati ya 32 katika toleo fupi. Wa kwanza amepata 12 katika majukumu na 4 katika nafsi. Hana kinyongo na mama yake, ila hajatoka nyumbani wiki tatu. Huyu anahitaji mtu wa kukaa na mama kwa saa chache. Wa pili amepata 14 katika nafsi na 2 katika majukumu. Anatoka, ana marafiki, lakini kila anaporudi na kukutana na baba anayeuliza swali lilelile mara ishirini, damu inamchemka. Kumpa huyu saa za mapumziko peke yake hakutoshi. Anahitaji kuelezwa ugonjwa wenyewe, kufundishwa namna ya kujibu, na pengine kupata mshauri nasaha kabla hasira haijawa mkono. Jumla ni moja, tiba ni mbili.

Tafsiri si kazi ya kamusi

Yeyote aliyewahi kutafsiri fomu ya ridhaa kwa ajili ya utafiti anajua kwamba maneno husafiri vibaya. Njia ya kawaida ni kumpa mtaalamu mmoja kazi ya kutafsiri kutoka lugha ya kwanza, kisha kumpa mwingine, ambaye hakuliona andiko la awali, kazi ya kulirudisha. Pale matini mbili zisipofanana, ndipo palipojificha tatizo. Baada ya hapo dodoso hujaribiwa kwa watu halisi. Hutazamwa kama mtu yuleyule anatoa majibu yanayokaribiana akiulizwa tena baada ya muda mfupi, kama maswali yote yanaelekea upande mmoja, na kama alama zinakwenda sambamba na mambo mengine yanayotarajiwa, kama vile dalili za sonona.

Hata baada ya hatua hizo zote, jamii yenyewe hubaki ndani ya jibu. Katika Japani kuna dhana iitwayo *sekentei*, yaani jinsi mtu anavyoonekana machoni pa watu wengine. Kwa Kiswahili tungesema ni hofu ya "watu watasemaje". Mwaka 2000 Arai na wenzake walichapisha utafiti kutoka maeneo ya vijijini ulioonyesha kwamba watunzaji waliojali mno maoni ya watu walisita kutumia huduma za umma. Gari la kituo cha kulelea wazee likisimama mlangoni, jirani ataona. Na jirani akiona, atasema kwamba nyumba hii imeshindwa kumtunza mzazi wake. Mtu mwenye hofu hiyo hataomba msaada, na pengine akikabidhiwa dodoso mbele ya ndugu zake, atajaza sifuri.

Kwa sababu hiyo, mahali pa kuulizia ni muhimu kama swali lenyewe. Binti hawezi kusema kwamba anatamani kukimbia wakati mama yake ameketi kando yake akisikia. Muuguzi anayetaka jibu la kweli humtafutia mtunzaji nafasi ya faragha, na humweleza kwanza kwamba hakuna jibu baya na kwamba uchovu si utovu wa adabu.

Alama zimefundisha nini

Kwanza, zimeonyesha wapi pa kutazama. Kuchoka kwa mtunzaji hakufuati moja kwa moja kiwango cha ulemavu wa mgonjwa. Mzee aliyelala kitandani muda wote ana kazi nyingi, lakini kazi zake zina ratiba. Mzee mwenye demenshia anayetembea vizuri, anayeamka saa nane usiku na kufungua mlango, anayemshutumu mkamwana wake kwamba amemwibia fedha, anaweza kulemea zaidi, kwa kuwa haiwezekani kumwacha peke yake hata kwa nusu saa. Saa za utunzaji kwa siku, kutoweza kuondoka nyumbani, na tabia zinazoambatana na demenshia ni mambo yanayojitokeza mara kwa mara katika tafiti za Japani.

Pili, zimetoa tahadhari ya mapema. Mwaka 2006 watafiti wa Japani na Marekani, Zarit mwenyewe akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba mtunzaji anayepata alama 24 hadi 26 au zaidi katika dodoso la maswali 22 anastahili kuchunguzwa kama ana sonona. Kiwango hicho kiko chini kuliko wengi walivyodhani. Mtu hahitaji kufika 60 ndipo tumhurumie.

Tatu, zimetukumbusha kwamba hapa tunazungumzia uhai. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani Richard Schulz na Scott Beach walichapisha utafiti uliofuatilia wazee waliowatunza wenzi wao kwa miaka minne. Waliotunza huku wakijisikia kulemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiokuwa na mgonjwa wa kutunza. Waliotunza bila kulemewa hawakuonyesha ongezeko hilo. Tofauti ilikuwa katika hisia ya kulemewa, hisia ambayo dodoso hujaribu kuisoma. Nchini Japani takwimu za kitaifa za watu waliojiua zina kundi mahususi kwa ajili ya uchovu wa kuuguza, na mahakama zimesikiliza kesi za watu waliomuua mgonjwa waliyemtunza kwa miaka. Majaji wa kesi hizo wamewahi kukutana na washitakiwa ambao majirani waliwaita watoto wema.

Upande wa pili wa moyo

Kama tungeishia hapa, msomaji angedhani kwamba kumtunza mzazi ni maafa. Watunzaji wenyewe hawasemi hivyo. Mwaka 1989 M. Powell Lawton na wenzake, huko Marekani, walitenganisha vipengele kadhaa katika namna mtunzaji anavyoitathmini kazi yake. Mojawapo ni mzigo anaouhisi. Kingine ni kuridhika: furaha ya kumwona mama akicheka, kujiona karibu naye zaidi, kujua kwamba unalipa fadhila. Walipima pia kujiamini katika kazi hiyo, na imani ya kidesturi kwamba kutunza ni wajibu.

Watafiti wa Japani walilipokea wazo hilo kwa sababu lilifanana na waliyoyasikia majumbani. Jambo kuu ni kwamba mzigo na kuridhika si ncha mbili za kamba moja, ambayo ukiivuta huku inapungua kule. Ni vitu viwili vinavyoweza kukaa katika moyo mmoja, siku moja, saa moja. Mtu anaweza kupata alama nyingi za mzigo na alama nyingi za kuridhika. Asubuhi amelia jikoni. Jioni anasema hangekubali mtu mwingine amwogeshe baba yake.

Hili lina maana ya vitendo. Mhudumu anapomwona mtunzaji mwenye tabasamu, asidhani kwamba hana mzigo. Na anapomwona aliyelemewa, asiharakishe kumwambia ampeleke mzee katika makao. Anaweza kuwa anamnyang'anya kitu pekee kinachompa maana. Mtu wa kuhofiwa zaidi ni yule mwenye mzigo mkubwa na kuridhika kidogo, ambaye hana hata neno zuri moja la kusema juu ya siku yake.

Namba zilipokutana na sheria

Mwezi Aprili 2000 Japani ilianzisha bima ya utunzaji wa muda mrefu. Kila mkazi huanza kuchangia anapofikisha miaka 40. Nusu ya gharama hutokana na michango hiyo na nusu hutokana na kodi, na mtumiaji hulipa sehemu ndogo, ambayo mwanzoni ilikuwa asilimia 10. Mzee hutathminiwa na kupangiwa daraja, kisha mratibu wa utunzaji hukaa na familia na kupanga huduma: msaidizi anayefika nyumbani, kituo cha kutwa ambako mzee huogeshwa na kula, au kulazwa kwa siku chache ili familia ipumzike.

Katika maandalizi ya sheria palikuwa na mjadala mkali kama familia ilipwe fedha taslimu, kama inavyofanyika Ujerumani. Makundi ya wanawake yalipinga, kwa hoja kwamba fedha hizo zingemfunga mkamwana kitandani kwa mgonjwa na kumpa kila mtu kisingizio cha kutomsaidia. Serikali ikachagua kutoa huduma badala ya fedha.

Hata hivyo, mfumo huo una pengo ambalo wahudumu wa Japani wenyewe wanalifahamu. Daraja la mzee hupangwa kwa kutazama hali ya mwili na akili yake. Halitazami kama mtunzaji wake ni kijana mwenye nguvu au mwenzi wa miaka 82 mwenye maumivu ya magoti. Dodoso la watunzaji hupata kazi yake katika pengo hilo: humpa mratibu sababu iliyoandikwa ya kupanga mapumziko zaidi kwa nyumba moja kuliko nyingine, hata kama wazee wao wako daraja moja.

Sheria nyingine zilifuata mkondo huohuo. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wazee, iliyoanza kutumika mwaka 2006, inataja katika jina lake rasmi pia msaada kwa wanaowatunza, kwa kutambua kwamba mara nyingi mkono unaopiga ni mkono uliochoka. Mfanyakazi mwenye mgonjwa anaweza kuchukua likizo ya kuuguza ya hadi siku 93 kwa kila ndugu, akiigawa mara tatu. Pamoja na hayo, takriban watu 100,000 huacha kazi kila mwaka nchini humo kwa sababu ya kuuguza. Kupima hakujamaliza tatizo. Kumelifanya lionekane, na jambo linaloonekana huweza kudaiwa.

Tuchukue nini, tuache nini

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Watanzania wenye miaka 60 na zaidi ni chini ya asilimia 6. Mtu anaweza kusema Japani iko mbali. Lakini utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta demenshia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, kiwango kisicho mbali na vya nchi tajiri. Wagonjwa hao hawana kituo cha kutwa wala mratibu. Wana binti, mke, mkamwana, na mara nyingine mjukuu aliyeachishwa shule.

Kwa wenzangu wahudumu wa afya nina tahadhari moja na ombi moja. Tahadhari: dodoso halitafsiriwi usiku mmoja na kuanza kutumika asubuhi. Alama za mpaka zilizopatikana kwingine hazihamishiki kama joto la mwili linavyosomwa popote kwa kipimajoto. Neno "mzigo" lenyewe laweza kumuudhi mtu anayeamini kwamba mzazi hawi mzigo kamwe. Ombi: kutokuwa na kipimo kamili kusitufanye tukae kimya. Mtenge mtunzaji pembeni kwa dakika tano na umwulize mambo haya, ambayo si kipimo bali ni mlango wa mazungumzo:

– Usiku unaamka mara ngapi kwa ajili ya mgonjwa?
– Ukiugua leo, ni nani atakayeshika nafasi yako?
– Mara ya mwisho kupima afya yako ilikuwa lini, na dawa zako unazitumia?
– Kuna nyakati unashikwa na hasira mpaka unajiogopa?
– Kuna jambo lolote katika kazi hii linalokupa faraja?

Majibu yaandikwe katika faili. Akisema anatamani kufa, au anahofu atamdhuru mgonjwa, hilo ni jambo la dharura kama maumivu ya kifua, na asiondoke kabla ya kuonwa na mtu mwenye ujuzi wa afya ya akili. Akisema hana wa kumpokea, tumia mamlaka ya koti jeupe kuwaita ndugu. Zarit na wenzake waliona tangu mwaka 1980 kwamba mguu wa ndugu mlangoni unapunguza uzito. Ndugu wengi wanaotuma fedha kutoka mbali hawajui kwamba wikendi moja ya kukaa na mzee ni dawa kwa dada yao.

Kwako wewe unayeuguza: kuchoka hakukuondolei radhi. Hasira inayokupanda unapoamshwa mara ya nne usiku haifuti upendo, na tafiti zimeonyesha kwamba vyote viwili hukaa pamoja. Siku ya kliniki ya mzee wako, njoo na kadi yako pia. Pima shinikizo lako. Mwambie daktari, hata kama hakukuuliza, ni usiku mingapi hujalala. Usingoje mtu akuone umechoka, kwa maana wanaokupenda wamezoea kukuona umesimama.

Yule binti alipona kiasi. Anatembea kwa fimbo, na sasa kaka yake mdogo ndiye anayemleta mama. Mara ya kwanza kijana huyo alipoingia chumbani kwangu, nilimsalimu, nikamwomba mama atusubiri kidogo nje na muuguzi, kisha nikachukua mkanda wa kupimia shinikizo na kumwomba anyooshe mkono. Alishangaa, akasema mgonjwa si yeye. Nilimjibu kwamba nalijua hilo. Ilikuwa 150/95. Niliiandika katika faili la mama yake, chini ya jina lake na namba yake ya simu.